Sproketi Iliyogeuzwa

Stechford,
Birmingham,
Uingereza.

Jumapili, 15 Februari 2009

Mpendwa Dada Mumbua,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa mke wangu Angeline na kijana wetu Oliver. Natumai barua hii itakukuta umeketi, si umesimama mlangoni mwa kinu ukigombana na wateja, maana ni ndefu na ningependa uimalize kabla ya kunikasirikia. Goti lako linaendeleaje? Mwanao Kavindu aliniambia kwenye simu kwamba bado unalipaka yale mafuta ya kondoo na hospitali hutaki kuisikia. Mimi ni mdogo wako, siwezi kukuamuru, lakini Angeline ni nesi na amesema uende.

Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Oliver ametimiza miaka tisa na viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa vizuri sana, kisha anakujibu kwa Kiingereza kana kwamba ndiyo lugha uliyoanza nayo wewe. Angeline anafanya zamu ndefu, siku nyingine tunapishana mlangoni kama majirani.

Nimesikia mvua za vuli zilikatika mapema na kwamba kinu kinakaa hadi mchana bila debe moja la mahindi. Pole sana, Dada. Nililifikiria hilo wiki mbili zilizopita nikiwa nimesimama kwenye theluji iliyonifika juu ya vifundo vya miguu. Kwenu Mungu anabana mkono, huku anamwaga kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe ni mwepesi wa kunihurumia. Nikianza tu kusema jambo zito unasema, basi mdogo wangu, yaishe, na yanaisha kweli. Nina jambo la kukuambia kuhusu mazishi ya Baba, nalo halitaki kuishia katikati. Lakini siwezi kulifikia bila kupitia kwenye mashine, kwa hiyo nivumilie, na wewe mashine unazipenda.

Unajua nafanya kazi ya ufundi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Sutton Coldfield. Bomba likivuja ni mimi, taa ikizima ni mimi, nyasi zikirefuka ni mimi. Nyumba yenyewe iko juu ya kilima, na kutoka barabarani hadi mlangoni kuna njia ya mteremko, karibu hatua mia moja. Katika banda la bustani kuna mashine ya kurusha theluji. Si kitu cha kawaida katika nchi hii, kwa sababu theluji ya maana haiji kila mwaka. Hii iliachwa na mwenye nyumba wa zamani ambaye aliwahi kuishi Kanada.

Unaisukuma kama mkokoteni. Mbele ina mdomo mpana, na ndani ya mdomo imelala parafujo kubwa, kama ile ya mashine ya kusagia nyama. Injini inavuta cheni, cheni inazungusha sproketi, yaani lile gurudumu la meno kama la baiskeli, na sproketi inazungusha parafujo. Theluji inamezwa mbele na kutemwa pembeni. Ungeiona ungetaka kuijaribu na mahindi.

Sasa sikiliza kosa langu. Sproketi imeshikwa kwenye shafti, ule mhimili unaoizungusha parafujo, kwa bolti moja nyembamba, laini, ya kudharaulika. Jumatatu ya tarehe mbili, theluji ilipoanguka, bolti hiyo ilinivunjikia mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Kwenye kopo la pale bandani palikuwa na nyingine tano za namna ile ile, na hilo peke yake lingetosha kunifumbua macho. Lakini mimi ni mtoto wa kinu cha Wamunyu. Nilikumbuka wewe na marehemu shemeji mlivyokuwa mkisema kwamba bolti ikikatika mara mbili, fundi mwenye haya harudishi ya tatu, anatia chuma kinene akalale. Basi nikaenda kwenye kitanda kibovu cha wagonjwa, nikachomoa bolti ya chuma kigumu, nikaitia pale na kuikaza hadi spana ikalia. Kwa hiyo kosa hili nusu yake ni yako, usikatae.

Alhamisi theluji ilirudi, safari hii kubwa zaidi. Nilikuwa nimefika katikati ya mteremko mashine ilipong'ata jiwe la ukingo wa njia lililofunikwa. Bolti yangu haikuvunjika, na kwa muda mfupi nilijiona fundi hasa. Halafu cheni ikaanza kuruka, injini inanguruma na parafujo imesimama tuli. Nilipofungua kifuniko nikakuta meno ya sproketi, ambayo tayari yalikuwa yamechakaa kwa miaka, yamelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo, na mawili yamekatika ncha. Nilipiga simu duka la vipuri. Kijana wa pale alinijibu kwa upole kwamba sproketi ya mashine hiyo itaagizwa Amerika, labda wiki tatu.

Ingekuwa siku nyingine ningeshika koleo nikaizoa theluji taratibu. Lakini siku iliyofuata, Ijumaa saa saba mchana, kulikuwa na mazishi.

Katika chumba cha saba tuna mzee anayeitwa Gurnam, Kalasinga, mwenye miaka themanini na minne na kilemba ambacho Francine humsaidia kukifunga kila asubuhi. Francine ni mfanyakazi mwenzangu, mhudumu wa wazee, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Tangu nianze kumfahamu mzee huyu, miezi minane sasa, sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno mawili. Ukimsalimu anainua kidole. Jumapili ile kabla ya theluji tulipata habari kwamba mdogo wake, Sukhdev, amefariki. Walizaliwa sita, wakabaki wao wawili, na sasa amebaki yeye.

Mpwa wake alikuja asubuhi ya Alhamisi na gari la kubebea kiti cha magurudumu ili amchukue mapema, akajaribu kupanda mteremko, gari likateleza kinyumenyume hadi barabarani. Meneja wetu akasema wazi kwamba kama njia haijasafishwa hadi lami ionekane, hakuna kiti cha magurudumu kitakachotoka. Si mama mbaya. Majira ya baridi yaliyopita bibi mmoja alianguka pale pale akavunjika nyonga, na meneja ndiye aliyekaa naye chini akisubiri gari la wagonjwa. Nusu ya wafanyakazi hawakuweza kufika kazini siku hiyo. Koleo tulikuwa nazo mbili, na theluji ilikuwa bado inaanguka.

Nilimkuta Francine kwenye ukumbi, karibu na kiti cha Gurnam, nami nimebeba ile sproketi kwenye kitambaa kama kitu kilichokufa. Nikamweleza kwa Kiswahili yaliyotokea. Nikasema kwamba mzee huyu atakosa kumzika ndugu yake na ni mkono wangu uliofanya hivyo. Nikasema pia neno ambalo sikulikusudia masikio mengine. Nilisema najua kukosa mazishi kulivyo, ni kitu kinakaa na wewe mezani kila siku, na sasa nimempa mzee wa watu kitu hicho hicho.

Gurnam akanyoosha mkono. "Lete," akasema.

Sikuelewa ni nani aliyesema. Akarudia, "Lete hiyo chuma."

Dada, mzee yule alizaliwa Makindu. Baba yake alikuwa wa reli, na yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye karakana ya reli Nairobi mpaka mwaka wa sitini na nane, ndipo akaja huku Birmingham. Hapa alikaa miaka ishirini na sita katika kiwanda cha vipuri vya baiskeli, akichonga nini unafikiri? Meno ya sproketi. Na Kiswahili chote tulichokuwa tukizungumza mbele yake miezi minane, mimi na Francine, alikuwa akikisikia. Francine alishika kichwa. "Kumbe muzee anasikiaka Kiswahili," akaniambia pole pole, "na sisi tulisemaka mambo ya meneja yote ile mbele yake." Nilimwona mzee akicheka ndani ya ndevu.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakutusemesha hata siku moja. Alisema Kiswahili kilikuwa lugha yake na Sukhdev ya kusemana vibaya wakiwa watoto, ili mama yao asielewe, na tangu Sukhdev augue hakuona wa kusema naye. Sisi alikuwa akitusikiliza tu, kama redio.

Basi akaipitisha ile sproketi kwenye kidole gumba, jino baada ya jino, kuizunguka yote. Kisha akaniuliza nani alitia bolti ya chuma kigumu. Nikakiri.

"Hii bolti nyororo kazi yake kuvunjika," akasema. "Yeye navunjika, mashine napona. Wewe natia ngumu, sasa navunjika ingine."

Nilikuwa nimesemwa mbele ya Francine, tena kwa haki. Halafu akaniambia kwamba meno yale yamelika upande mmoja tu, ule unaovutwa na cheni, na upande wa pili bado mzima. Geuza, akasema. Ukiigeuza uso, cheni itavuta kwenye upande ambao haujawahi kufanya kazi. Miaka yote nimeona mafundi wa baiskeli sokoni Wamunyu wakifanya hivyo, na mimi nilikuwa nimesimama na kitu hicho mkononi nikiwaza Amerika.

Tuliifanya kazi hiyo kwenye meza ya chumba cha kulia, juu ya magazeti, nikafunga jiriwa ndogo ya kubania chuma kwenye ukingo wa meza. Wazee wengine walisogeza viti kutazama. Nilitaka mzee apige tupa mwenyewe, nikadhani mikono yake yenye mtetemo wa uzee ikigusa chuma itatulia. Haikutulia. Tupa ilimponyoka mara tatu, ya tatu ikaangukia kwenye supu ya jirani yake. Basi akanirudishia, akafumba macho, akawa anasikiliza. Tupa ikilia vibaya anasema, inua. Ikilia vizuri anasema, endelea. Jino likiwa tayari anasema, basi. Tulilainisha ncha zilizokatika ili zisiikwaruze cheni, tukanyoosha ncha zilizopinda kama kucha za yale meno mengine, jino kwa jino, na chai ikapoa.

Cheni niliiloweka kwenye mafuta ya taa, nikaipangusa na kuitia oili. Mahali pa bolti nikarudisha ile laini, ya kudharaulika, na nyingine nne nikatia mfukoni kwa amri ya mzee. Meneja alipita akaona jiriwa kwenye meza yake ya kulia chakula. Alisimama kidogo, akaangalia uso wa Gurnam, akaendelea na safari yake.

Ijumaa nilipanda treni ya kwanza, ikachelewa, nikafika saa mbili na nusu. Mashine iliwaka. Nilianzia mlangoni nikishuka, na sproketi ikashika, Dada, ikashika kama mpya. Nilipokuwa karibu na lango, parafujo ikakutana na donge la barafu, nikasikia mlio mdogo, tak, na kila kitu kikasimama. Bolti ilikuwa imevunjika. Sijawahi kufurahia kitu kuvunjika namna ile maishani mwangu. Niliingiza mkono mfukoni, nikatia nyingine, na kabla vidole havijaganda nilikuwa naendelea. Saa tano na nusu lami ilikuwa nyeusi toka juu hadi chini. Nikamwaga chumvi, na gari la mpwa likapanda bila kuyumba.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Lakini mzee alipokuwa akiingizwa garini alinishika kwenye mkono wa koti na hakuniachia. Meneja akasema anahitaji mtu wa kukisukuma kiti, niende naye. Nikaenda na suruali yangu ya kazi, magoti yana oili.

Unajua wao huchoma maiti. Palikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia kwa siku ya theluji ile, wanaume wenye vilemba, akina mama wakiimba sala kwa sauti ya chini. Mwisho wa ibada, mkubwa wa familia ndiye anayebonyeza kitufe, jeneza liondoke. Nilisukuma kiti hadi pale. Mzee akanyoosha mkono, kidole kikapita kushoto, kikapita kulia. Mpwa akataka kumsaidia, mzee akakataa kwa kichwa. Akanigeukia mimi. Nikaweka mkono wangu chini ya mkono wake, nikauinua tu, nikaushikilia usiyumbe, na kidole chake kikabonyeza.

Wakati jeneza linaondoka alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake amngoje mchezoni, "Sukhdev, nenda polepole."

Nililia. Nililia vibaya, na sauti juu, mpaka mama mmoja akaniletea kitambaa na kuniuliza nilimfahamu vipi marehemu. Nikamwambia sikuwahi kumwona. Sijui alinielewaje, lakini alikaa nami kwenye benchi mpaka nikamaliza.

Jumatatu iliyofuata meneja aliniita ofisini. Nilifikiri ni habari ya jiriwa na ile supu. Kumbe alitaka kunishukuru. Akaniuliza kwa upole kama nami nimewahi kufiwa na mtu nikiwa huku. Nikamwambia, baba yangu, mwaka juzi. Akashtuka. Akasema, "Lakini Bethuel, mbona hukutuambia? Tungekupa ruhusa siku hiyo hiyo."

Nilijua angesema hivyo. Hata mwaka juzi nilijua.

Dada, niliwaambia nyote kwamba kazini walininyima ruhusa. Hawakuninyima. Sikuomba. Karatasi zangu zilikuwa sawa, na watu wa kanisani hapa walikuwa tayari kunisindikiza uwanja wa ndege. Nilikaa kwenye kitanda na simu mkononi siku mbili, sikuipiga. Nilikuwa naogopa. Nilipotoka nyumbani Baba alikuwa amesimama langoni, ameshika ile kofia yake, na nilijiambia kwamba maadamu sijarudi, bado amesimama pale. Nikija nikaona udongo, atakuwa amekufa. Huo ndio ukweli wote. Ni woga wa mtoto, na mimi nilikuwa na miaka arobaini na miwili.

Na wewe ulibaki peke yako. Kavindu alinisimulia kwamba ulitupia kaburini konzi mbili za udongo, ya pili ukasema ni ya Bethuel. Alinisimulia pia kwamba Shangazi Syokau aliponisema mbele ya watu, ulisimama ukamjibu kwamba mdogo wako amefungwa na kazi ya Wazungu, na asiyejua anyamaze. Ulinitetea kwa uongo wangu bila kujua kwamba ni uongo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Nisamehe, dada yangu. Nisamehe mimi niliyekuacha useme jambo lisilo kweli juu ya kaburi la Baba.

Nilipokuwa bado nimekaa kwenye kiti cha ofisi ile niliomba ruhusa ya mwezi wa nane. Nilipewa wiki tatu kabla sijamaliza sentensi. Angeline atabaki na Oliver, hii safari ni yangu.

Nisalimie Kavindu na mwanawe mchanga. Nisalimie Muthoka wa kinu, umwambie asitie chuma kigumu mahali palipowekwa laini, atauliza kwa nini, mweleze. Msalimie Shangazi Syokau, na ukipenda msomee barua hii, maana yeye ndiye aliyekuwa na haki siku ile. Gurnam anakusalimu pia. Nimemwambia nina dada mwenye kinu, akauliza kama mikanda yake imekazwa vizuri.

Nina ombi moja. Nitakapofika usilete watu uwanjani, wala nyimbo. Njoo wewe peke yako. Na kama moyo wako utakuwa bado haujanisamehe, njoo hivyo hivyo ukiwa umenuna, tutasafiri kimya. Usinipeleke nyumbani kwanza, wala usinipe maji wala chai. Nipeleke kwa Baba, unionyeshe ulisimama wapi, kisha usogee kidogo nami nisimame.

Mungu akulinde, alitunze goti lako, na akiletee kinu chako mahindi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Bethuel